Amri na Hali: Uhakiki wa Maandishi Yaendeshayo Seva

Katika maandishi yote yatungwayo na wanadamu siku hizi, hakuna yatiiwayo upesi, wala yasomwayo kwa uvivu, kama yale ambayo wasimamizi wa seva huyatunga ili kuziendesha mashine zao. Mtunzi wa shairi hana hakika kwamba shairi lake litamgusa msikilizaji. Mtunga sheria hana hakika kwamba sheria yake itafuatwa. Bali msimamizi wa seva akiandika mistari sita na kubonyeza kitufe kimoja, seva sita, au hata elfu sita, hutenda yaliyoandikwa papo hapo. Maandishi yenye nguvu kiasi hicho yastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo maandishi mengine: yasema nini, yanyamazia nini, mtenda katika sentensi zake ni nani, na msomaji wake ni nani.

Yamkini msomaji atauliza kama haya si mambo ya mafundi tu, yasiyowahusu watu wa lugha. Jibu ni kwamba mashine haihitaji maandishi mazuri. Yatosha kwake yawe sahihi. Mwenye kuhitaji maandishi mazuri ni binadamu wa pili, yule atakayeamshwa saa tisa ya usiku huduma imekatika, akafungua faili iliyoandikwa na mwenzake aliyekwisha kuhama kazi, akalazimika kufahamu upesi lililokusudiwa. Huyo ni msomaji kama wasomaji wengine, na hasara ya kukosa kufahamu ni yake na ya wote wanaomtegemea.

Yafaa kuanza na jina. Seva ni kompyuta iliyowekwa ili kuzihudumia kompyuta nyingine. Zamani kila shirika lilinunua seva zake na kuziweka katika chumba chake. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kuwauzia watu nafasi ya kuhifadhi data, huduma iitwayo S3, na mwaka huo huo ikaanza kukodisha mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na umbo lake zenyewe, bali zinazotokea kwa programu ndani ya mashine kubwa. Kampuni nyingine zikafuata, na biashara hii ikaitwa wingu. Asili ya jina ni michoro ya wahandisi wa simu na mitandao: mahali penye sehemu ya mtandao ambayo mchoraji hakuona haja ya kuionyesha, alichora wingu. Basi maana ya wingu tangu mwanzo ilikuwa “yaliyomo humu hayamhusu mtazamaji.”

Kiswahili kimelipokea jina hili kwa tafsiri, wala si tafsiri mbaya. Walakini katika lugha hii wingu lina kazi zake za tangu zamani. Husemwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Husemwa pia kwamba wingu la huzuni limetanda. Katika matumizi yote mawili wingu ni kitu kinachotazamwa kwa uangalifu, kwa kuwa chaleta jambo. Wingu la wafanyabiashara, kinyume chake, lataka lisitazamwe. Ukweli wake ni majengo yenye kuta, mitambo ya umeme, mashine za kupoza hewa na nyaya. Amazon ilifungua kanda yake ya kwanza ya majengo ya namna hii barani Afrika mjini Cape Town mwezi wa Aprili 2020. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika pwani ya kusini mashariki ya Afrika, intaneti ilidhoofika Tanzania, Kenya na nchi nyingine jirani. Siku hiyo mtu wa Dar es Salaam aliyeweka kazi zake zote katika wingu alifahamishwa kwamba wingu lina mkia, na mkia huo umelala chini ya bahari.

Aibu ya jina hili, basi, si kwamba ni la kupamba, maana lugha zote hupamba. Aibu yake ni kwamba lamwondoa mtenda na mahali pa tendo. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana litatokea tena ndani ya maandishi yenyewe.

Maandishi ya wasimamizi ni ya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza, nayo ndiyo kongwe, ni skripti ya amri: orodha ya amri iliyowekwa katika faili, ili mashine izisome moja baada ya nyingine badala ya mtu kuziandika kwa mkono kila siku. Programu iliyoandikwa na Stephen Bourne katika maabara ya Bell, iliyotolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, ndiyo iliyoipa aina hii sura yake ya kudumu. Na Bash, iliyoanza mwaka 1989, ingali ikitumiwa hata leo. Mfano wake, ukisemwa kwa Kiswahili, ni huu: “Fungua akaunti ya Asha. Tengeneza folda ya kazi. Nakili faili ya mipangilio. Washa huduma.”

Muundo wa maandishi haya ni muundo wa hadithi. Msimulizi wa Kiswahili huviunganisha vitendo kwa kiambishi -ka-: akaenda, akafungua, akatoa, akarudi. Kila tendo lategemea kwamba lililotangulia limekwisha kutendeka. Skripti ya amri ndivyo ilivyo, ila ni hadithi isimuliwayo kabla ya mambo kutokea. Uzuri wake ni dhahiri: hakuna tendo lililofichwa. Msomaji aona kila hatua kwa utaratibu wake, na akitaka kujua mashine itafanya nini, atasoma tu kutoka juu kwenda chini.

Ubaya wake huonekana hadithi inaposimuliwa mara ya pili. Mara ya kwanza mambo huwa sawa. Mara ya pili amri ya kufungua akaunti hukataliwa, kwa kuwa akaunti ipo. Amri ya kuongeza mstari mwishoni mwa faili haikataliwi, na hilo ndilo baya zaidi: kila irudiwapo, mstari ule ule huongezwa tena, hata faili ikawa na mistari kumi mahali pa mmoja. Amri haiulizi hali iliyopo. Imeambiwa itende, nayo yatenda.

Tena kitenzi cha amri, katika sarufi, ni kitenzi kilichovuliwa nguo nyingi. “Futa” hakina kiambishi cha mtenda, hakina wakati, wala hakina mahali. Mambo hayo yote huachiwa mazingira ya msemaji. Katika mazungumzo hayo hayana hatari, kwa kuwa wasemaji wako pamoja. Katika kazi ya seva, msemaji yuko chumba kimoja na mahali pa tendo pako bara jingine.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikusudia kufuta folda ya data katika seva ya akiba iliyokuwa imeshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Amri akaitoa ndani ya seva kuu. Alipotambua na kuizuia, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5. Njia kadhaa za kuweka nakala, zilizodhaniwa kuwa zafanya kazi, zikaonekana hazifanyi, na kampuni ikaokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya msiba. Kampuni yenyewe iliueleza umma habari hizi waziwazi, jambo la kusifiwa. Kitenzi kilikuwa sahihi. Mahali ndipo palipokosewa, na kitenzi hakikuwa na kiambishi cha kupataja.

Mwezi haukupita, tarehe 28 Februari 2017, jambo la jamii hiyo hiyo likatokea katika huduma ya S3 ya Amazon, katika majengo yake ya kaskazini mwa Virginia, Marekani. Mfanyakazi mwenye idhini, akifuata maagizo yaliyozoeleka, alitoa amri ya kuondoa seva chache. Kiasi kimoja katika amri hiyo kikaandikwa vibaya, zikaondoka seva nyingi kuliko zilizokusudiwa, na huduma ikakatika kwa muda wa saa nne hivi. Hata ukurasa wa kampuni wa kuwatangazia wateja hali ya huduma ulishindwa kubadilishwa mwanzoni, kwa kuwa nao ulitegemea huduma ile ile iliyolala.

Kwa sababu ya maradhi ya namna hii ndipo ilipozaliwa aina ya pili, yaani maandishi ya hali. Mwanzo wake ni programu ya CFEngine, aliyoitunga Mark Burgess mjini Oslo, Norway, mwaka 1993. Ikafuata Puppet mwaka 2005, Ansible mwaka 2012, na Terraform mwaka 2014. Katika maandishi haya mtunzi haamuru tendo. Aeleza hali anayoitaka, na programu hutafuta yenyewe njia ya kuifikia. Mfano uliotangulia ungegeuka kuwa hivi: “Akaunti ya Asha iwepo. Folda ya kazi iwepo. Faili ya mipangilio iwe sawa na asili yake. Huduma iwe imewashwa.”

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafundishaji wa fani hii wangefaa kuutumia. Tofauti iliyopo kati ya “washa huduma” na “huduma iwe imewashwa” ndiyo tofauti yote iliyopo kati ya aina hizi mbili. Umbo “iwe imewashwa” lina sehemu mbili: “iwe” ni dhamiri tegemezi, yaeleza matakwa, “imewashwa” ina kiambishi -me-, ambacho kazi yake kubwa si kutaja wakati uliopita, bali kutaja tendo lililokwisha na matokeo yake yangali yamesimama. Mzazi akimwambia mtoto “funga mlango” ilhali mlango umefungwa, mtoto atashangaa, au ataufungua ili apate kuufunga. Akimwambia “mlango uwe umefungwa,” mtoto atautazama kwanza. Akiukuta umefungwa, hatafanya kitu, naye atakuwa ametii. Kauli ya pili yaweza kurudiwa mara mia bila madhara. Ile sifa ambayo wataalamu wa kompyuta huieleza kwa istilahi nzito ya hisabati, sarufi ya Kiswahili yaieleza kwa kitenzi ambatani ambacho kila mtoto wa pwani na bara hukitumia.

Kwa hiyo mfasiri au mwalimu atakayeyatafsiri maandishi ya Ansible kwa “washa,” “unda” na “futa” atakuwa ameipotosha maana kutoka mzizini. Ansible huweka neno lenye maana ya “imewashwa” mahali ambapo skripti ya kale ingeweka “washa.” Mwanafunzi akifundishwa kwa kitenzi cha amri atadhani amejifunza namna nyingine ya kuandika skripti ile ile, na kosa hilo litamfuata hadi kazini.

Hata hivyo maandishi ya hali si ya daraja moja. Ansible bado hufuata mpangilio wa aya kutoka juu kwenda chini, na kwa hiyo ina damu ya hadithi ndani yake. Terraform imeiacha hadithi kabisa: mpangilio wa aya katika faili hauna maana, kwa kuwa programu yenyewe hutazama kipi chategemea kipi, na kwa hesabu hiyo huamua kipi kitangulie. Puppet nayo, kwa kawaida yake, hurudi kila baada ya nusu saa kuilinganisha seva na maandishi, na ikikuta imekengeuka huirejesha.

Faida yake si ndogo. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imekwisha kuweka programu mpya ya biashara ya hisa katika seva zake, ambazo zilikuwa nane. Fundi aliiweka katika saba, ya nane akaisahau. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane iliamsha programu ya zamani iliyokuwa imeachwa bila kutumiwa, ikamwaga sokoni maagizo yasiyokusudiwa kwa muda wa dakika 45 hivi, na kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Kauli ya “programu hii iwepo katika seva zote nane,” ikiwa kuna chombo cha kuilinganisha na ukweli, ndiyo dawa ya kosa la namna hiyo. Hadithi haimkumbuki aliyeachwa nyuma.

Wafuasi wa maandishi ya hali hufika hapa, wakasimama, wakasema kwamba jambo limekwisha: eleza unachotaka, mengine iachie mashine. Hapo ndipo uhakiki hauna budi kuwapinga. Maandishi ya hali yana sura ya maelezo, lakini nguvu yake ni ya amri. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba kauli nyingi zenye sura ya taarifa kwa kweli ni matendo. Haya ni ya jamii hiyo. Vitenzi havikuondoka, vimeingia ndani, visionekane na msomaji.

Mfano wa kwanza ni badiliko dogo. Mtunzi wa Terraform aweza kubadilisha neno moja katika aya inayoeleza hifadhidata yake, tuseme mahali inapokaa. Maandishi mapya yasomeka kwa upole: hifadhidata iwe mahali fulani. Lakini ziko sifa ambazo haziwezi kubadilishwa katika kitu kilichopo. Hapo programu haina njia ya kuifikia hali iliyotakiwa isipokuwa kukiharibu kitu cha zamani na kuunda kipya. Katika aya yote neno “haribu” halimo.

Mfano wa pili ni ukimya wenyewe. Katika skripti ya amri, sentensi ikifutwa, tendo halitendeki, na hakuna zaidi. Katika Terraform, aya ikifutwa, kitu kilichoelezwa na aya hiyo huharibiwa, maana hali inayotakiwa sasa ni hali isiyo na kitu hicho. Kwa hiyo kunyamaza kumekuwa amri, tena amri kali kuliko zote. Ni maandishi machache sana katika historia ya uandishi ambayo mtu, kwa kufuta sentensi, hubomoa nyumba.

Ubaya wa ukimya ulionekana wazi mwezi wa Mei 2024. UniSuper, mfuko wa akiba za uzeeni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuta kwamba wingu lake binafsi katika huduma za Google limefutwa. Maelezo ya Google yalikuwa haya: mwaka mmoja kabla yake, wakati wa kuandaa huduma hiyo kwa chombo cha ndani cha kampuni, nafasi moja iliachwa tupu. Chombo kikaijaza chenyewe kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, huduma ikafutwa, na mteja hakupata onyo, kwa kuwa yeye hakuwa ameomba ifutwe. Nakala zilikuwapo, nyingine katika Google na nyingine kwa mtoa huduma mwingine, na kwa sababu hiyo data ikarejeshwa. Lakini wanachama walikaa zaidi ya juma moja bila huduma. Hapana aliyeandika “futa.” Pengo ndilo lililosomwa, likatiiwa.

Basi hukumu iwe nini? Maandishi ya hali ni bora kuliko maandishi ya amri katika kueleza lililokusudiwa. Maandishi ya amri ni bora katika kuonyesha litakalotendeka. Msimamizi mwema ahitaji yote mawili, na vyombo vyenyewe vyakiri hivyo. Terraform ina hatua iitwayo mpango: kabla ya kutenda, programu huandika orodha ya vitu itakavyoviongeza, itakavyovibadilisha na itakavyoviharibu. Hiyo ni tafsiri, kutoka lugha ya hali kurudi lugha ya amri, ili vitenzi vilivyofichwa vitoke nje vionekane. Amazon nayo, baada ya msiba wa mwaka 2017, ilikirekebisha chombo chake cha amri ili kiondoe seva polepole zaidi, na kisiruhusu sehemu yoyote ya huduma kushuka chini ya kiasi chake cha lazima. Yaani amri ilitiwa ndani yake sharti la hali.

Lakini mpango usiposomwa ni karatasi tu. Chombo kile kile chenye mpango kina pia njia ya kuiruka idhini ya mtu, na njia hiyo yavutia wenye haraka. Kuna pia sentensi ya ulinzi isemayo “kitu hiki kisiharibiwe,” nayo ni nzuri. Walakini huandikwa ndani ya aya ya kitu chenyewe, na aya yote ikiondolewa, ulinzi huondoka pamoja nayo. Mlinzi amefungiwa ndani ya nyumba anayoilinda.

Katika vyuo vya Afrika ya Mashariki, ambako vijana wengi hujifunza kazi hii kwa lugha ya kigeni na kwa kunakili mifano, zoezi moja la lugha lingeweza kuwafaa kuliko amri hamsini za kukaririwa. Mwanafunzi apewe mpango wa chombo, ausome kwa sauti kwa Kiswahili, na kila kitenzi akipe nguo zake zote: nani atatenda, kitatendwa nini, wapi, na baada ya tendo hilo hali itakuwaje. Asiseme “futa”, aseme “programu itaifuta hifadhidata ya wateja iliyoko katika seva kuu, na nakala yake iko mahali fulani.” Akishindwa kuikamilisha sentensi hiyo, hajaifahamu kazi aliyo karibu kuiidhinisha, na mkono wake usiguse kitufe.